Barua ya Siku 90: Kazi ya Wakili wa Kodi Marekani



Nyumba nyingi za Pwani yetu zina mwana, dada au mjomba anayeishi Marekani, naye ndiye azitunzaye kwa anachokituma kila mwezi. Twajua kazi aifanyayo na baridi aivumiliayo. Tusilolijua aghalabu ni hesabu yake na serikali ya huko. Kila mwaka, kwa kawaida kabla ya tarehe 15 Aprili kupita, mtu hujiandikia mwenyewe taarifa ya mapato yake, akaikadiria kodi yake na kuipeleka kwa idara ya kodi ya serikali kuu, ijulikanayo kwa herufi IRS. Idara ikiitilia shaka taarifa ile, mzozo huanza, na hapo ndipo huhitajika wakili wa kodi.

Wengi wetu humdhania wakili kuwa ni mtu wa ufasaha, asimamaye mbele ya jaji akanena na watu wakanyamaza. Wakili wa kodi hushinda kwa vitu viwili visivyo na sauti: tarehe na karatasi.

Tuanze na tarehe. Idara ikimaliza ukaguzi, kwa kawaida hutanguliza barua impayo mtu siku 30 za kukata rufaa katika ofisi ya rufaa iliyomo ndani ya idara yenyewe. Huko mambo mengi husuluhishwa bila ya kufika mahakamani. Asipojibu, au wasipoafikiana, huja ilani rasmi ya upungufu wa kodi. Tangu hapo ana siku 90 za kufungua kesi katika Mahakama ya Kodi, au siku 150 iwapo ilani imepelekwa kwa mtu aliye nje ya Marekani. Makao ya mahakama hii yako Washington, lakini majaji wake husafiri kusikiliza kesi katika miji mbalimbali, na ada ya kufungulia ni dola 60. Fadhila yake kubwa ni kwamba mtu husikilizwa kabla ya kulipa anachodaiwa. Siku hizo zikipita, kodi huandikwa kuwa deni, na kwa kawaida mwenye kutaka kulipinga mahakamani hulipa kwanza kisha akadai arejeshewe. Idara nayo yaweza kuushika mshahara wake na fedha zake za benki. Ndiyo maana swali la kwanza la wakili huwa: barua hii imeandikwa tarehe gani?

Ama karatasi, tuchukue mfano wa kubuni. Kijana wa Mombasa yuko Ohio, ana lori lake alibebalo mizigo. Katika taarifa yake amemwandika mama yake, aliye Majengo, kuwa ni mtegemezi wake. Ameandika pia sadaka aliyoipelekea madrasa ya mtaani kwao. Yote mawili ni kweli, na fedha zilifika. Lakini sheria ya Marekani haimhesabu mzazi asiye raia wake kuwa mtegemezi, ila awe mkazi wa Marekani, Kanada au Meksiko. Sadaka nayo, kwa kawaida, haipunguzi kodi ila itolewe kwa taasisi iliyoundwa Marekani na kutambuliwa na sheria ya huko. Na mchango wa dola 250 au zaidi huhitaji barua ya taasisi kuukiri.

Wakili mwaminifu hatamtafutia kijana huyu risiti ya uongo. Atamwambia waziwazi kwamba mawili hayo hayasimami, kisha atakusanya yanayosimama: risiti za mafuta, matengenezo ya lori, kumbukumbu za safari. Ataomba adhabu iondolewe kwa kuwa mteja wake alikuwa na sababu ya maana na nia njema. Deni likimshinda kulilipa kwa mara moja, ataomba alipe kwa awamu, au idara ikubali kiasi pungufu ya deni lote.

Liko jambo jingine linalotugusa moja kwa moja. Raia au mkazi wa Marekani ambaye fedha zake katika benki za nje zimepita dola 10,000 kwa jumla, wakati wowote wa mwaka, ni lazima azitolee taarifa, hata kama hazikuleta faida yoyote. Huingia humo hata akaunti ya mama ambayo mwana amepewa idhini ya kuitilia saini. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Alexandru Bittner, aliyekaa Romania miaka mingi bila ya kutoa taarifa hizo kwa wakati, na bila ya kukusudia kuvunja sheria. Serikali ilihesabu kila akaunti kwa miaka 5, ikapata makosa 272 na faini ya dola milioni 2.72. Upande wake ulisema kosa ni taarifa isiyotolewa, si akaunti moja moja. Basi makosa ni 5 na faini ni dola 50,000. Majaji 5 kati ya 9 walimkubalia. Tofauti yote ile ilitokana na namna ya kuisoma sheria.

Sisi tuliobaki nyumbani tuna sehemu yetu. Barua ya mwana wetu ikija kwa anwani yetu, isilale kabatini. Apigiwe simu siku hiyo hiyo na asomewe tarehe. Tuhifadhi karatasi za benki na risiti za fedha azitumazo. Na kabla ya kulitia jina lake katika akaunti ya mama au ya mirathi, tumuulize kwanza, ili ajue la kuandika huko.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili asikate tamaa. Ziko kliniki za walipa kodi wenye kipato kidogo, zilizowekewa ruzuku na sheria ya mwaka 1998, ambazo huwatetea watu bure au kwa malipo madogo. Mwenye barua mkononi na aende nayo mapema, maana siku 90 huhesabiwa hata kama bahasha haijafunguliwa.