Kutoka Geita na Shinyanga hadi Dubai bila kupitia Dar

Ukipima juu ya tufe la dunia, kutoka Mwanza hadi Dubai ni kilomita 3,900 hivi, na kutoka Dar es Salaam hadi Dubai ni karibu 4,000. Kwa hiyo Mwanza iko karibu kidogo zaidi na Dubai kuliko Dar. Hata hivyo mnunuzi wa dhahabu wa Katoro, mfanyabiashara wa Kahama au mhandisi wa mgodi wa Geita anayekwenda huko mara nyingi hupelekwa kwanza kilomita 850 kusini-mashariki, akabadilisha ndege Dar, kisha akaanza upya kuelekea kaskazini. Mzunguko huo unakula muda na nauli, nao si wa lazima. Ndege inayofaa kuuondoa tayari inaruka katika anga letu: ni ndege ya ujia mmoja, ile ambayo abiria wote hupita njia moja katikati ya viti.

Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba safari ndefu ni kazi ya ndege pana. Historia ya Afrika Mashariki inasema vingine. Shirika la East African Airways liliingiza Comet 4 mwaka 1960 na Super VC10 mwaka 1966, zote za ujia mmoja, na ndizo zilizotupeleka London. VC10 hata ilibuniwa kwa ajili ya viwanja vya juu na vyenye joto kama Nairobi. Injini zake nne zilifungwa mkiani ili mabawa yabaki wazi na yanyanyue vizuri zaidi. Kasoro yake ilikuwa kunywa mafuta mno, na Boeing 747 ilipoanza kazi mwaka 1970 hesabu ya gharama kwa kila kiti iliziangusha ndege nyembamba katika safari ndefu. Kilichozirudisha ni injini. Feni kubwa ya mbele husukuma nyuma hewa nyingi kwa mwendo wa wastani, na kufanya hivyo kunahitaji mafuta machache kuliko kufyatua hewa kidogo kwa kasi kubwa. Katika injini za Boeing 737 za kizazi kilichopita, hewa iliyopita nje ya kiini cha injini ilikuwa takriban mara tano ya ile iliyopita ndani. Katika 737 MAX ni mara tisa, na katika Airbus A220 ni mara 12. Ndiyo maana A220-300 za Air Tanzania, zenye viti 132, zimeundwa kuweza kufika kilomita zaidi ya 6,000. Novemba 2024 Iberia ilianza kuirusha A321XLR kutoka Madrid hadi Boston, ndege ya ujia mmoja inayofika kilomita 8,700.

Hizo lakini ni hesabu za kiwandani, na Kanda ya Ziwa ina hewa yake. Mwanza, Shinyanga na Chato ziko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hadi 1,200 hivi. Saa nane mchana, joto likifika nyuzi 30, uzito wa hewa kwa kila mita ya ujazo hupungua kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na kipimo cha kawaida cha usawa wa bahari. Bawa hutegemea hewa hiyo ili kunyanyua, na injini huitegemea ili kusukuma. Ili kupata unyanyuaji uleule, ndege italazimika kufikia mwendo ulio juu kwa asilimia 10, huku injini zake zikiwa zimepungukiwa nguvu. Njia ya kurukia ikiisha kabla ya mwendo huo kupatikana, hakuna ujanja isipokuwa kupunguza uzito. Hapa ndipo wenye shaka husema kwamba ndege ndogo haiwezi safari ya nje kutoka kwetu. Tufanye hesabu. Boeing 737 MAX 9, ambayo Air Tanzania ilipokea ya kwanza Oktoba 2023, tupu ina tani 47 hivi. Abiria 180 na mizigo yao ni tani 18. Mafuta ya kufika Dubai pamoja na akiba ni kama tani 16. Jumla ni 81, wakati inaruhusiwa kuruka na hadi 88. Tani saba hizo ndizo nafasi ya kufidia joto na mwinuko, na ikiondoka alfajiri, joto likiwa nyuzi 18, nafasi inaongezeka. Kwa London, karibu kilomita 6,800, nafasi hiyo haipo kabisa, na Guangzhou, zaidi ya 9,000, ni mbali hata kwa A321XLR. Dubai inawezekana, na Mumbai, kilomita 5,000, inawezekana kwa kubana.

Pingamizi zito zaidi ni la mizigo. Tumbo la ndege ya ujia mmoja ni dogo, na minofu ya sangara inayouzwa kwa tani nyingi itaendelea kuhitaji ndege ya mizigo. Ninalikubali hilo bila kubishana. Ila bidhaa kuu ya Geita na Kahama haihitaji nafasi: tani nzima ya dhahabu ni mchemraba wenye upande wa sentimita 37. Pingamizi la abiria wachache, kwa upande wake, linaunga mkono hoja hii, kwa sababu viti 132 vya A220, au hata 180 vya MAX 9, hujaa upesi kuliko 262 vya Dreamliner. Na usalama? Ajali ya 737 MAX ya Ethiopian Airlines ya Machi 10, 2019, iliyoua watu 157 waliokuwa wakija Nairobi, ilitokana na programu iliyoamini kihisi kimoja kibovu na kuisukuma pua ya ndege chini. Wembamba wa ndege haukuhusika. Somo kubwa kwetu ni injini za A220, ambazo kuchakaa kwake mapema kuliziweka chini baadhi ya ndege za Air Tanzania na za mashirika mengine duniani. Njia ya namna hii isifunguliwe bila ndege ya akiba.

Uwanja uwe Mwanza. Chato ina njia ya kurukia ya kilomita tatu, inayotosha, lakini abiria wakigawanywa viwanja viwili ndege zote zitaruka nusu tupu. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mtu wa Geita haisubiri feri tena, na wa Shinyanga ana lami moja kwa moja. Wizara ya Uchukuzi na Air Tanzania wahakikishe Mwanza ina uhamiaji, forodha na mafuta ya kutosha kwa safari za nje, kisha waijaribu Dubai mara mbili kwa wiki kwa mwaka mmoja, ndege ikiondoka kabla jua halijapanda.