Fahamu: Kwa nini usalama wa Likasi unategemea polisi wa nchi jirani

Malori ya shaba na kobalti kutoka Kolwezi hupita mji wa Likasi, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hufika Lubumbashi, kisha hupanga foleni kwenye mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia. Mwizi wa lori akishavuka hapo, polisi wa Kongo hawana mamlaka ya kumkamata. Hapo ndipo inapoanza kazi ya SARPCCO, ushirika wa wakuu wa polisi wa Kusini mwa Afrika ulioanzishwa 1995: kupeana taarifa na kusaka pamoja magari ya wizi.

Likasi ina hofu nyingine, nzito zaidi. Jirani yake ni Shinkolobwe, mgodi uliotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima. Rais wa Kongo aliufunga kwa amri mwaka 2004, baada ya wachimbaji wadogo kuuvamia wakitafuta kobalti. Urani hujificha ndani ya mawe yaleyale ya kobalti, hivyo inaweza kuvushwa mpakani pamoja nayo. Afisa wa forodha asiye na kipima mnururisho hawezi kuitambua. Kifaa hicho kinahitajika mpakani kabla ya mkutano mwingine wowote wa wakuu wa polisi.