KITUNGUU SAUMU KICHANGA

Watu wengi wakisikia kitunguu saumu hukumbuka kile kikavu kiuzwacho sokoni. Wachache wajua kwamba chaweza kuliwa kingali kichanga, pamoja na majani yake. Kwetu nyumbani pesa ya kitoweo ni ya kuhesabu, na kitunguu hiki tunakipanda nyuma ya jiko. Napenda kuwaeleza wenzangu namna ya kukipanda na kukipika.

Mbegu yake ni punje zenyewe. Kichwa kimoja huweza kutoa punje 10 hivi, na kila punje huota mche mmoja. Chagua punje nene zisizooza, uzitenganishe bila kuzimenya. Lainisha udongo, uchanganye na samadi iliyooza, kisha zipande ncha zikielekea juu, kina cha sentimita 4 hivi. Mwagilia kwa kiasi, kwa maana maji yakituama punje huoza.

Mimi hupanda kwa nafasi ya sentimita 5. Baada ya miezi miwili hivi miche hufanana na vitunguu vya majani. Hapo hung'oa mmoja na kuuacha mmoja. Iliyong'olewa huliwa, na iliyobaki hupata nafasi ya sentimita 10. Hiyo hukomaa kwa miezi minne au mitano, majani yageukapo manjano. Hapana budi kujizuia: ukiila yote ingali michanga, msimu ujao utanunua mbegu.

Wenzetu wa pwani wasikate tamaa. Kitunguu saumu chahitaji baridi ili kigawanyike punje. Ndiyo sababu hustawi katika nyanda za juu, kama Mbulu. Penye joto kichwa chaweza kukosa kugawanyika, lakini majani yake hupatikana.

Katika kupika, kumbuka kwamba harufu yake kali hutokea kinapokatwa au kupondwa, na moto mwingi huipunguza. Basi kata sehemu nyeupe, uikaange pamoja na kitunguu maji na nyanya. Hakuna haja ya kumenya, kwa kuwa ganda bado ni laini. Majani yakatekate, uyatie mwisho, ukikaribia kuipua sufuria. Kwa maharagwe ya watu sita, miche mitatu yatosha. Mchicha na mayai pia hupendeza kwa majani hayo.

Basi, ndugu msomaji, ukiona punje imeanza kuchipua jikoni, usiitupe. Kama huna bustani, hata kopo bovu lililotobolewa chini lafaa.