Majogoo wane kwa kuku majike tano: nani abaki, nani auzwe?

Vifaranga vikitoka, karibu nusu yao ni madume. Hiyo haina dawa. Ndiyo maana katika koperative tunazotembelea kule Kabare na Walungu tunakuta mara nyingi kiwanja kimoja na majike tano, majogoo wane, na mama mwenye kuku analalamika: «Mayai imekuwa kidogo, na kuku zangu ziko bila manyoya kwa mugongo.»

Sababu iko pale pale kiwanjani. Jogoo moja anatosha majike 8 mpaka 10. Majogoo vijana wakiwa wengi wanapigana, wanakimbiza majike muchana kutwa, wanawapanda mpaka ngozi inapasuka. Jike anayekimbizwa hakuli vizuri, na asiyekula hatagi. Tena, juu swali hili linarudi kila mara: jike anataga hata bila jogoo. Jogoo anahitajika tu kama unataka yai litoe kifaranga.

Msingoje awike ndipo mmutambue. Kwa kuku wa kienyeji, kutoka wiki 8 ao 10, ile nyama ya kichwani kwa dume inakuwa kubwa na nyekundu mbele ya jike, na miguu yake ni minene. Karibu na miezi 3, manyoya yake ya shingo na ya kiuno yanachongoka. Ya jike yanabaki na ncha ya mviringo. Hapo muwatenge madume kwa kibanda chao. Mahindi ya kusagwa, mchwa, masalio ya chakula, na soya kidogo. Soya lazima ikaangwe, mbichi inazuia kuku kukomaa.

Dume aliyelishwa vizuri anauzwa kwa miezi 5, na hapa kalenda inasaidia. Mayai yanalaliwa siku 21. Ukiyaweka katikati ya mwezi wa tatu, madume yako tayari mwanzo wa mwezi wa kenda, wakati watoto wanadaiwa minerval. Kwa soko la Noeli na Bonane, weka mayai mwisho wa mwezi wa sita. Lakini vifaranga hao watakomalia kiangazi, wakati Newcastle inapenda kupita: bila chanjo, usijaribu. Ni tone moja ndani ya jicho, na veterineri atawaambia siku ya kurudilia.

Sasa, nani abaki? Hapa ndipo tunabishana na watu. Wengi wanauza jogoo mukubwa zaidi juu analeta franka nyingi, wanabakiza yule mudogo. Mwaka kwa mwaka, kuku za nyumba zinakuwa ndogo. Sisi tunasema uuze wa pili, wa kwanza abaki. Ila asibaki kwa mama yake na dada zake: mubadilishane na mwanamemba wa kijiji kingine, dume kwa dume, bila kutoa makuta. Mugeni akae peke yake wiki 2 mbele ya kuingia kwa wengine, juu anaweza kuwa na ugonjwa usioonekana bado.

Na jambo moja ambalo wengi hawajui: jike anachunga mbegu ya jogoo wa zamani ndani ya mwili wiki 2 ao 3. Mayai ya wiki hizo tatu muyakule ao muyauze; musiyaweke chini ya kuku anayelalia.