Kwa Nini Mpwa Wangu wa Kibaha Hatafika la Saba

"Kaka, eti huyu mtoto haendi la saba?" Ndivyo dada yangu wa Maili Moja, Kibaha, alivyoniuliza kwa ujumbe wa sauti. Haendi. Swali hilo nimeshaulizwa na Watanzania wengi hapa Minneapolis, basi nalijibu mara moja.

Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa darasa la awali, la kwanza na la tatu. Shule ya msingi sasa ni miaka 6, na elimu ya lazima miaka 10, hadi kidato cha nne. Taasisi ya Elimu Tanzania inataka mtoto apime, achore, aulize, na mwalimu amwongoze badala ya kumkaririsha.

Wazo lenyewe ni kuukuu. Nyerere alitaka mtoto afikiri mwenyewe alipoandika Elimu ya Kujitegemea, 1967. Mtaala wa 2005 nao ulihubiri umahiri. Pale Kibaha, mradi wa nchi za Nordiki wa 1963, ambao leo ni Shirika la Elimu Kibaha, uliweka sekondari, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima mahali pamoja. Mawazo hatujawahi kupungukiwa.

Tunapokwama ni kwenye idadi. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Likizo iliyopita niliketi nyuma ya darasa la tatu kijijini Kisarawe, njia ya Maneromango. Nilipofika 80 niliacha kuhesabu. Mwalimu aligawa vizibo vya soda, wajifunze kuzidisha kwa makundi. Kila kundi watoto 10: wawili wameshika vizibo, wanane wanawatazama mikono. Baadaye akavikusanya, akashika chaki, darasa zima likaitikia: mbili mara tatu, sita! Simlaumu hata kidogo. Ningekuwa mimi, hivyo vizibo nisingevitoa kabisa.

Siku hizi kuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambapo walimu hukutana shuleni kwao na kufundishana. Naipenda kuliko semina ya mjini, ila haipunguzi watoto darasani.

Mnaosomesha watoto kule nyumbani Tanzania, shikeni mwaka 2027. Walioanza la tatu 2024 watamaliza la sita, na waliokuwa la nne watamaliza la saba, mwaka huo huo. Kidato cha kwanza cha 2028 kitapokea madarasa mawili kwa mpigo. Hela ya sare na madaftari anzeni kuiweka sasa.