Ulimbwende katika Picha za Majengo: Kutoka Pate hadi Kambi Muru

Wanafunzi wa Kiswahili hulifahamu neno ulimbwende kupitia nadharia za fasihi. Hata hivyo, mkondo huo uliathiri pia picha za kuchapwa za karne ya 19, ambamo majengo yalikuwa mojawapo ya mada kuu.

Mbinu iliyozieneza ni chapa ya mawe, iliyovumbuliwa na Alois Senefelder huko Ujerumani mwishoni mwa karne ya 18. Mchoraji huchora kwa kalamu yenye mafuta juu ya jiwe la chokaa, kisha jiwe hulowanishwa. Kwa kuwa mafuta na maji hayachangamani, wino hushika mchoro pekee. Kuanzia 1820, Baron Taylor na Charles Nodier walichapisha nchini Ufaransa mfululizo uliosheheni makanisa na ngome kuukuu. Kaida zake zilikuwa bayana: gofu kubwa, mimea ukutani, kivuli kizito na watu wadogo wasio na majina.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilichorwa. Nahodha Charles Guillain aliizuru kati ya 1846 na 1848, na kitabu chake kilitolewa Paris mwaka 1856 pamoja na albamu ya chapa za mawe. Baadhi zilitokana na picha za dagerotaipu. Kwa kuwa dagerotaipu haikuweza kuchapwa moja kwa moja kitabuni, ilibidi ichorwe upya juu ya jiwe. Hivyo kaida za Ulaya zilipata nafasi ya kupenya.

Linganisha na Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Humo magofu ya Pate si pambo. Popo wamerithi kumbi, na mshairi anauliza walikokwenda wenyeji wake. Mlimbwende huliona gofu. Mshairi humtafuta mwenye nyumba.

Tofauti hiyo ingali na uzito. Nyumba nyingi za Kambi Muru, Kibera, ni za fito, udongo wa kukandikwa na mabati. Wapiga picha hupenda kuzionyesha kutoka juu, paa zenye kutu zikijaza fremu, kama vile walimbwende walivyokipenda kibanda cha mkulima mradi kionekane kikuukuu. Lakini Kambi Muru si gofu. Kuna aliyekandika ukuta ule, na kuna anayeulipia kodi. Msomaji wa picha, sawa na msomaji wa ushairi, hana budi kuuliza kwanza: ni nani anayeishi humu?