Rangi, Mpako au Kipenyezi? Istilahi na Uteuzi wa Kinga ya Sakafu za Gereji kutoka Kabezi hadi Rumonge

1. Utangulizi

Barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge hupita Kabezi ikiufuata mwambao wa Ziwa Tanganyika. Katika mwambao huu Kiswahili husikika sokoni, bandarini na katika gereji. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kawaida neno "rangi" hubebeshwa karibu kila kitu kinachowekwa juu ya sakafu ya zege. Makala haya yanadai kwamba ufinyu huo wa istilahi una gharama: mnunuzi huteua kwa kutazama mng'aro na bei, ilhali uimara wa kinga hutegemea kwanza unyevu ulio chini ya sakafu.

2. Mazingira ya mwambao

Mvua za miezi mingi hufuatwa na kiangazi cha Juni hadi Agosti, na zege hutanuka na kusinyaa kwa zamu. Ziwa nalo hupanda na kushuka. Katika miaka ya karibuni maji yake yamewahamisha watu Gatumba na Rumonge. Maji ya ardhini yakikaribia uso, mvuke hupanda kupitia zege na kuubandua mpako kutoka chini. Aidha, Rumonge ni nchi ya michikichi: mawese yanayomwagika kutoka kwenye magari yana asidi zinazoila chokaa iliyomo katika saruji.

3. Aina tatu, majina matatu

Kiswahili chenyewe kinatupa njia ya kuzitofautisha. Kitu kinachopakwa hukaa juu ya uso. Kinachopenya huingia ndani. Kwa hiyo tunapendekeza istilahi tatu.

Rangi ni utando mwembamba, kama ule wa akriliki. Ni nafuu, lakini hubanduka upesi chini ya magurudumu yenye joto.

Mpako wa utomvu, kama epoksi, huchanganywa na kigumishi na kuwa ganda gumu linalostahimili mafuta. Udhaifu wake ni miwili: mwanga wa jua huugeuza kuwa wa manjano, hivyo mlangoni hufaa kufunikwa kwa poliyurethini inayostahimili jua, na ukiwekwa juu ya zege lenye unyevu, hutoa malengelenge.

Kipenyezi, kama silani, huingia katika vitundu vya zege. Hupunguza ufyonzaji wa maji na kuuacha mvuke utoke, ila hakizuii vya kutosha madhara ya mawese. Mafuta yanapaswa kufutwa mapema.

4. Kupima kabla ya kununua

Kipande cha plastiki chenye sentimita 45 kila upande hubandikwa sakafuni, kingo zote zikizibwa kwa utepe, kwa saa 16 au zaidi. Matone chini yake, au zege kuwa jeusi zaidi, ni ishara ya unyevu. Sakafu iliyokauka Agosti huenda isiwe kavu Aprili. Kipimo kirudiwe wakati wa mvua. Zege jipya lisubiriwe siku 28, uso ukwaruzwe na mafuta yaondolewe. Wakati wa kupaka, joto la sakafu lizidi kiwango cha umande kwa nyuzi 3 za Selsiasi au zaidi.

Penye unyevu wa kudumu, kipenyezi ndicho chaguo la busara. Katika jengo jipya, karatasi ya plastiki itandazwe chini ya zege kabla ya kumwagwa; hapo mpako wa utomvu utakuwa na msingi wa kuaminika.

5. Hitimisho

Zabuni ya gereji ya magari ya wagonjwa ikiandika "rangi ya sakafu" pekee, mzabuni anayeleta akriliki atakuwa ametimiza masharti, na umma utalipa tena. Tunapendekeza nyaraka za zabuni na maelezo ya kopo yataje aina ya kinga na hali ya unyevu inayoruhusiwa, kwa Kiswahili kinachosomwa na fundi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ina nafasi ya kusanifisha istilahi za namna hii pamoja na mafundi wenyewe.